Ritifaa

Saa nne usiku, Makoroboi. Wafua bati wameshazima moto.
Lugodisha kasimama mlangoni na mabuti ya mpira,
ametoka zamu, kiwanda cha samaki,
gamba la sangara limemganda kifundoni.
"Kadi ya mama. Gari la Magu linaondoka alfajiri."

Faili limetoka kwa shemeji, Dodoma.
PDF, kila herufi imekaukia mahali pake,
na jina la marehemu kwa dhahabu:
NG□WASHI.
Kisanduku. Pengo la jino.
"Mama hakuwa na dirisha kwenye jina," anasema,
kisha kimya.

Ile programu ya wizi niliinunua elfu tano, Mlango Mmoja.
Februari iliamka ikidai dola,
ikanifungia ndani kalenda ya SACCOS
na bibi harusi wanne.

Hii ya sasa ni huria.
Walioiandika siwajui. Mmoja, nadhani, anakaa kwenye theluji.
Mwingine alianza kuitafsiri akachoka,
ndiyo maana juu nasoma lugha yangu, chini nasoma yao.
Ina vituko: hujizima katikati ya kazi, bila kuaga.
Lakini milango yake iko wazi mpaka jikoni.

Naifungua PDF. Mistari inasambaratika
kama dagaa walioanikwa, kila neno kivyake.
Naokota, naunga.
Fonti ya shemeji haina ritifaa;
aliyeichonga hakuwahi kumwita mtu Ng'washi.
Natafuta nyingine, ya bure, yenye sharti moja:
ukiitengeneza, usiwafungie wenzako.

Nyeusi iwe nyeusi tupu, isichanganywe.
Milimita tatu pembeni, chakula cha kisu.
Buluu ya ziwa nyuma ya picha itafifia, namwonya,
karatasi haiwaki kama kioo.
"Ziwa lenyewe halijawahi kuwa na rangi hiyo."

Kisha ritifaa,
ndogo kuliko lile gamba.
Nabonyeza.
Anasoma kwa sauti, kwa pua na koo la Kisukuma,
Ng'washi,
anarudia, Ng'washi,
na mimi najifanya naangalia wino.

Nakala mia mbili. Printa inakohoa, inakubali.
"Hiyo programu unailipia ngapi?"
"Silipi."
"Sasa wenyewe wanakula nini?"

Sina jibu. Nakata kadi, nafunga kwa mpira, anaondoka.
Saa nane narudi kwenye menyu, pale yule alipochokea,
naandika neno moja la Kiswahili,
nafuta,
naandika jingine.