Hati ya Kigae

Karani wa baraza la ardhi, Gombero,
aliniuliza hati.
Nikamwekea mezani kigae.

Nilikiokota nikichimba choo,
kina cha kiuno, chini ya majivu:
shavu la mtungi, lenye mikwaruzo ya ukucha,
na ndani ukoko mweusi
uliokataa maji, ukakataa mchanga.
Mjomba Mwachambi, mgema,
ambaye vidole vyake vinanuka utomvu hata Ijumaa,
aliulamba, akatema.
"Mtama. Umeoteshwa, umetwangwa, umeachwa uchachuke.
Huu umeitangulia minazi yangu yote."

Mimi sinywi. Kwetu tulikuwa na mlevi mmoja,
akatutosha.
Lakini usiku ule nilimfikiria mwanamke wa kwanza
aliyesahau chungu cha uji mvuani,
akarudi siku ya tatu, akakikuta kinachemka bila moto.
Angekimwaga; njaa ikamshika mkono.
Akaonja. Akacheka peke yake,
kisha akaona haya kucheka peke yake,
akamwita mtu.

Pengine ndipo ujirani ulipoanzia.
Maana pombe haingoji:
leo tamu, kesho kali, kesho kutwa siki.
Sharti watu waje leo, waje wote,
waje na majembe.
Palipo chungu pakalimwa,
palipolimwa pakalindwa,
palipolindwa akazuka mmoja
akasema, mimi ndiye wa kunywa kwanza.
Na yule aliyetwanga
akaachiwa machicha.

Shamba hili babu alilipata kwa mitungi saba ya tembo.
Wazee wa pande mbili walikunywa kwa kata moja,
kata ikizunguka kama kalamu.
Aliyemeza ameshuhudia;
atakayekana, koo lake limsute.
Sasa makoo yote yamefukiwa,
na mnunuzi kutoka mjini amekuja na muhuri wa bluu.

Najua, kigae hiki si cha mitungi ile.
Sikuwa na kingine.

Karani alikigeuza.
Akakisogeza puani, haraka, kama mtu anayeiba.
"Hakina tarehe."
Hakina, nikasema.
"Hakina jina."
Kina mate.

Akaandika kitu. Sikuona nini.

Nje, Mjomba alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani,
vibuyu viwili, povu likisukuma vizibo,
na yule mnunuzi, kwa kiu ya saa nane,
amesimama karibu naye,
anauliza bei.