Koti la Bwana Pyo

Ghorofa ya kumi na saba, mjini Busan,
mahudhurio huhesabiwa kwa makoti.
Saa nne usiku Mkurugenzi Namgung hupita,
mikono nyuma, mwendo wa mkagua mizigo,
akitazama migongo ya viti.
Koti lipo, mtu yupo.
Koti halipo, kesho utaitwa chumba cha vioo
ambako wote wanakuona ukijieleza
na hakuna anayekusikia.

Siku ya kwanza walinipa kikombe chenye jina langu.
"Hapa sisi ni familia," alisema Namgung,
nami, mtoto wa pekee, nikafurahi kupata ndugu mia na arobaini.
Sikujua kwamba katika ukoo huu
hakuna ruhusa ya kulala kabla ya baba.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
langu lilinisubiri mezani,
limeshachajiwa.

Bwana Pyo alikaa kushoto kwangu.
Alikuwa na makoti mawili,
la kijivu la kuvaa,
la kahawia la kubaki.
Saa moja jioni alishuka kwa ngazi za dharura
na lile la kahawia likaendelea na kazi.
"Huyu ndiye mfanyakazi bora," aliniambia,
akilipiga begani kirafiki.
"Haumwi kichwa. Haombi maji. Hana binti."

Yeye alikuwa naye, Bo-ra, wa darasa la pili,
anayekataa kula mpaka baba aje
amkatie kimanda kwa mkasi.

Nani alisema, sijui.
Kwenye kikao cha Jumatatu tulilikuta koti
limevikwa kiti cha mbele, vifungo vimefungwa hadi shingoni.
"Msalimieni mfanyakazi wa mwezi," akasema Namgung.
Tukasimama, tukainama.
Tukaliombea maoni kuhusu mauzo ya robo mwaka.
Mmoja akalimiminia kahawa.
Bwana Pyo alikuwa mlangoni ameshika faili,
akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.
Watu walicheka.
Mimi pia nilicheka.
Naliandika hili kwa sababu ndilo linaloniamsha.

Baada ya hapo hakuondoka tena kabla ya saa nane za usiku.
Wiki saba.
Bandu bandu, na gogo halikulalamika.
Alianza kusahau majina, kwanza ya wateja,
kisha langu.
Aliniita "wewe wa kulia".
Niliitika.

Jumanne moja kiti kilikuwa kitupu.
Jikoni walisema moyo; wa uhasibu walisema ini.
Barua ya kampuni ilisema "sababu binafsi",
mistari mitatu, na wa tatu ulikuwa
kuhusu nani achukue wateja wake.
Nilipewa kumi na mmoja.

Koti la kahawia lilibaki.
Hakuna aliyethubutu kuligusa.
Saa nne usiku Namgung alipita, akalitazama,
na kwa mazoea
akatikisa kichwa: yupo.

Leo nimelitoa.
Mfukoni: pipi mbili za tangawizi,
risiti ya viatu vya mtoto, jozi moja, vyekundu,
na karatasi yenye mwandiko wa penseli,
*Baba leo ni kimanda usisahau.*

Nimevaa langu, nimelibeba lake mkononi
kama mtu anayempeleka mgonjwa.
Kiti changu nimekiacha uchi.
Saa tatu na dakika ishirini.
Mlinzi wa chini ameangalia saa, kisha mimi:
"Leo mapema. Kuna msiba?"
Sikujua nimjibu nini.

Basi la Gimhae lina joto, dirisha limefanya jasho.
Anwani ninayo, nimeiiba kwenye faili la wafanyakazi.
Mkewe akifungua mlango
nitamkabidhi koti kwa mikono miwili, kama inavyopasa,
na akiniuliza mimi ni nani
nitasema: wa kulia.
Akiniuliza zaidi,
nitaanza na siku ile tulipocheka.