Daftari la Maji, Kiuyu

Kisima cha babu kilikuwa na chumvi yake:
uji hatukuutia, maharage hatukuyatia,
hata chai ya mgeni ilinuka pwani.

Kisha bomba likaja kutoka Konde,
likapasuliwa njia katikati ya maweni
(Faki Shaame kavunja sururu mbili)
na jua likapewa kazi ya kuvuta.

Sasa mfereji ukikohoa hatushtuki.
Kila Ijumaa naandika: Mize, mia tano;
Bikombo, deni; Khatibu kaleta mayai.
Vali ikifa haingoji mfadhili.

Maharage ya kwanza tuliyala kimya.
"Mbona chapwa?" mama akauliza,
akanituma dukani,
kwa mara ya kwanza tangu aolewe hapa,
nikalete robo ya chumvi.