Supu Inapoa

Jumapili, soko la vikorokoro, Novi Sad,
baridi imeuma hadi kwenye kucha,
nilinunua kaseti kumi na moja ndani ya sanduku la viatu
kwa bei ya kikombe kimoja na nusu cha kahawa.
Muuzaji, Bibi Ljubinka, hakuuliza za nini.
Alizipima kwa macho kama mtu apimaye viazi,
akaniongezea waya wa umeme, bure,
"usije ukarudi."

Mimi ni fundi wa lifti.
Mchana naning'inia kwenye mashimo ya maghorofa ya Liman,
usiku naamsha mashine zilizokufa:
nang'oa kapasita zilizovimba kama shavu la mwenye jino bovu,
nalehemu upya, napuliza vumbi,
naiunga kompyuta ndogo yenye vitufe vya mpira
na televisheni ya mgongo mnene.
Mke wangu Svjetlana huuita ubao huu makaburini.
Simbishii. Ila makaburi haya hujibu.

Zamani redio ilirusha programu hewani.
Ndiyo, hewani: muziki ukiisha mtangazaji alisema kaeni tayari,
kisha ikaja ile kelele, kriii,
panga juu ya kinoo,
na watoto mji mzima wakabonyeza kitufe chekundu
wakaikinga kelele kwenye utepe
kama wakingao mvua kwa sufuria.

Kaseti ya saba iliandikwa kwa penseli: RASTKO, USIFUTE.
Naipakia. Mistari ya rangi inakimbia pembezoni mwa skrini,
halafu: hitilafu.
Tena. Hitilafu. Palepale.
Nikaandika kijiprogramu cha kuichambua sauti
wimbi kwa wimbi, fupi sifuri, refu moja,
nikalala saa tisa, nikaamka na shingo ya chuma,
nikajua hesabu inagoma kwenye baiti ya elfu mbili mia tatu na sita.
Ndipo nikafanya asilolifanya fundi mwenye haraka:
nikavaa hedifoni, nikasikiliza.

Kriii, kriii,
na ndani ya kriii, kwa mbali, mlango,
na mwanamke:
"Rastko! Supu inapoa!"

Hakuwa na waya, mtoto yule.
Aliweka kinasa sauti mbele ya redio, akabana pumzi.
Na mama, asiyejua kwamba hewa ya chumbani imejaa tarakimu,
akaingia na sauti yake ya jikoni.
Silabi moja, baiti moja.

Kelele iliendelea. Kiti hakikusogea.
Dakika nne nzima, kisha kitufe: tak.
Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Huyu alikula supu baridi.

Jumapili iliyofuata nilimuuliza Bibi Ljubinka, Rastko ni nani?
"Sanduku lilikuja na kabati," akasema,
"na kabati nimeshaliuza."

Kuiponya ilikuwa kazi ya biti mbili.
Programu ikafunguka: zoezi la kuzidisha, basi.
SABA MARA NANE? ikauliza.
Nikajibu hamsini na nne.
Ikanizomea kwa mlio, mimi na mvi zangu.

Sasa ninazo faili mbili.
Moja naiita SAFI. Hiyo nimewagawia wenzangu,
inafanya kazi, wameshukuru.
Nyingine SUPU.
Haipakii kwenye mashine yoyote.
Nimeihifadhi mara tatu.