Ya Kupakatwa

Bi Maureen Oldroyd alikuwa anaitupa.
Nilimkuta ngazini, Jumanne ya mapipa,
ameikumbatia pamoja na pasi mbovu.
"Imekufa," alisema, "tangu alipokufa Ken."
Nikasema nipe mimi.
Mpaka leo sijui kwa nini nilisema nipe mimi.

Mvua ya Doncaster haipigi hodi.
Niliifunika kwa koti, mwenyewe nikalowa.

Wenye kamusi wanaiita kompyuta mpakato,
kitu cha kupakatwa, kama mtoto anayeota meno.
Huyu alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne,
mzito, bawaba moja imeteguka,
betri imevimba kama andazi,
na herufi N imeng'oka.
Jaribu kuandika ninakupenda bila N:
iakupeda.
Nani atakuelewa?

Shekha alitazama mara moja, akarudi kwenye vitunguu vyake.
"La kuvunda," akasema, "halina ubani."

Nikapiga hesabu.
Diski pauni kumi na tisa, kumbukumbu ya mtumba nane,
betri ishirini na mbili,
chaja tatu, kutoka duka la hisani,
ilikuwa kapu moja na vijiko.
Hamsini na mbili.
Na saa zangu je? Jioni sita, saa mbili mbili,
kwa ujira wa ghalani:
ningenunua mpya, na chenji nikarudishiwa.

Bahizi wa zamu ya usiku alicheka mpaka skana ikamponyoka.
"Ndugu yangu, mpya si hizi hapa!"
Na kweli zilikuwa zinapita juu ya mkanda,
masanduku mepesi kama mkate,
nami nikiyapiga mwanga mwekundu,
tit, tit, tit,
kila moja linamwendea mtu
ambaye jana alikuwa na nyingine.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Jioni ya kwanza nilifungua skrubu kumi na moja,
nikazipanga kwenye kisahani.
Ndani, feni imevaa sufi ya vumbi,
unywele mmoja mweupe, chembe za biskuti.
Ken Oldroyd, sikukufahamu,
ila najua ulikuwa unakula ukiandika.

Jioni ya tatu skrubu mbili zilibaki. Sijui za wapi.

Jioni ya tano Salha akachomeka flashi
yenye ule mfumo wa bure, wa pengwini.
Skrini nyeusi. Nyeusi.
Feni ikakohoa.
Halafu nukta moja nyeupe,
tukanyamaza wote
kama waliomwona mgonjwa akifumbua jicho.

Ilifaa?
Sitakudanganya. Inachukua dakika mbili na nusu kuwaka.
Nikimpigia shangazi Tanga kwa video
anaganda mdomo wazi, na salamu
inafika baada ya uso.
Michezo ya Salha imeikataa katakata.
Fungua kurasa nne, itafikiri kama karani wa ardhi.
N tumeichonga kwa kizibo cha chupa,
inataka kidole chenye nia,
basi siku hizi hakuna N inayotutoka kwa bahati mbaya.

Lakini barua inaandika. Fomu za shule inajaza.
Salha ameipakata sofani, anatunga insha,
inampasha magoti,
na hita tunaichelewesha robo saa.

Lile la saa zangu nimelifikiria tena.
Nilizitia bei isiyo yake.
Wiki nzima kila saa yangu ina mwenyewe,
ananipiga mwanga mwekundu nikiingia
na nikitoka.
Zile kumi na mbili
hakuna aliyeziskani.

Jana Shekha, bila kugeuka, mwiko mkononi:
"Na ile pasi ya Bi Maureen,
aliitupa kweli?"