Sahani ya Mtoto wa Nkwimba

Juzi saa tisa usiku mashine ililia:
damu yake imeota.
Mililita moja, siku sita tangu azaliwe, Igogo.
Nikapaka sahani, nikapanga juu yake dawa
katika viduara vya karatasi, vidogo kama dengu,
nikangoja.

Leo nafunua.
Nilitaka kuona uwazi kuzunguka kila dawa
kama uwanja uliofagiwa.
Wameota mpaka ukingoni,
kama magugu maji yanavyoziba mwalo wa Kirumba
mtumbwi usijue pa kutokea.
Uwazi mmoja tu, mwembamba,
kwa dawa ambayo stoo haina tangu Machi.

Mdudu namjua, ana majina mawili ya Kilatini.
Mtoto hana hata moja:
bibi kasema wangoje kitovu kidondoke.

Mimi nami.
Mwaka juzi, mafua, duka la Mabatini,
vidonge kumi ndani ya kipande cha gazeti.
Nilimeza vinne, nikapona,
sita nikaviweka juu ya kabati, akiba.
Sikujua kuna waliokuwa darasani
tumboni mwangu.

Napiga simu wodini. Sista Ng'washi ananiacha nimalize
jina lote la mdudu.
"Baba yake kaenda kuuza baiskeli," anasema,
"dawa ipo duka la ng'ambo ya barabara.
Halafu, kitovu kimedondoka. Anaitwa Sayi.
Badili lebo."

Plastiki ina unyevu, kalamu inateleza.
Naandika tena.