Kielelezo Namba Tatu

Mimi ni karani. Naandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa,
na panapokuwa kimya naandika: *kimya*.
Agosti hiyo baridi ya Mbeya iliingia hadi kwenye wino.
Loleza ulikuwa haujaonekana tangu alfajiri,
na chumba cha Tume kilikuwa na hita moja tu,
iliyoelekea, bila mtu kuamua, upande wa mwajiri.

Subilaga Mwasyoge, miaka thelathini na tisa,
mchambuaji wa majani, kiwanda cha chai, juu ya Tukuyu.
Miaka kumi na mmoja, hakuna barua ya onyo.
Alivaa gauni la kanisani,
akapakata kitu kilichofungwa ndani ya khanga.

Wakili wa kampuni alizungumza kama mtu aliyeshiba:
ni hali ya uchumi, Mheshimiwa, ilibidi kupunguza watu.
Mwamuzi akavua miwani.
Mlipunguzwa wangapi?
— Mimi.

Nikaandika *Mimi*.
Neno likabaki peke yake kwenye mstari.

Akaeleza.
Benchi la kuchambulia lilianza kuwa refu upande wake.
Meneja akasema chai hii inavuka mipaka, mama, lazima tuwe waangalifu,
akampa ufagio wa uani,
na mvua za Rungwe hazina Jumapili.
Halafu kikombe.

Alijuaje meneja?
— Niliomba ruhusa kila mwezi, siku ileile. Alihesabu.

Akafungua khanga. Kikombe cha bati, cheupe,
kama vile arobaini vilivyoning'inia jikoni kwao,
ila hiki kishikio chake kimepakwa rangi ya kucha, nyekundu,
kwa utaratibu, bila kuvuka ukingo.
Nani alipaka?
— Tuliyekuwa tukisukana nywele.
*Kimya.*

Kikawekwa mezani.
Wakili alikisogeza kwa ncha ya kalamu.
Meneja alitazama dirisha, ingawa dirishani hapakuwa na kitu ila ukungu.
Nikakishika mimi, maana ndiyo kazi,
nikafunga lebo kwenye wekundu ule: Kielelezo namba tatu.
Kilikuwa chepesi. Kilinukia sabuni.
Alikuwa amekiosha kabla ya kukileta,
kama mtu anavyomwogesha mtoto kabla ya kumpeleka kwa daktari.

Saa nne tukapumzika. Mhudumu akaleta birika.
Pakiti niliiona: ni ya kiwanda kilekile,
pengine majani yaliyopita vidoleni mwake
kabla hajapewa ufagio.
Wakili alikunywa vikombe viwili, akasifu rangi.

Mchana hakukuwa na mengi.
Uamuzi utasomwa tarehe kumi na nne, mwezi ujao.
Subilaga aliinuka, akanitazama mimi, si Mwamuzi,
akasema: ndaga.
Kwao neno hilo ni asante, na ni pole.
Kalamu ilisita.
Nikaandika *ndaga*, nikaacha hivyo.

Nyumbani Ilomba, saa tatu usiku, simu inatetemeka chini ya mto.
Nimeiwekea mtetemo, siyo mlio.
Kopo langu liko ndani ya soksi, soksi ndani ya buti,
na ndani ya kopo nimesokota pamba
ili vidonge visilie ninapotembea.
Miaka sita najua kumeza bila maji,
bila taa, nikiimba kidogo ili koo lisisikike.
Ofisini hakuna aliyewahi kuhesabu ruhusa zangu:
naziomba kwa misiba.
Nimeua shangazi wanne.

Leo nikawasha taa.
Nikatoa pamba, yote, imegeuka rangi ya vumbi,
nikaitia jikoni kwenye makaa. Ilinuka kidogo.
Nikamimina maji kwenye kikombe changu, ambacho hakina alama,
nikatikisa kopo.

Ukuta wetu ni mbao na magazeti.
Upande wa pili jirani akaacha kuosha vyombo.

Nikatikisa tena.